Mikate ya Alasiri

Jumatatu, 3 Machi

Nesi amenipa daftari hili. Kasema niandike kila siku joto la mwili, nimetapika mara ngapi na nimekula nini. Haya: joto 36.8. Sijatapika bado. Nimekula nusu ndizi, nayo kwa kubembelezwa.

Kurasa ni nyingi mno kwa habari za kutapika, kwa hiyo nitaandika na mengine. Ya nesi nitamnakilia kwenye karatasi.

Leo nimetundikiwa dripu ya nne kati ya sita. Saratani ilianzia kwenye titi la kushoto. Titi likaondolewa, nikapigwa mionzi, nikapata miezi kumi na minne ya kujisahau, kisha ikajitokeza kwenye ini. Daktari hakunificha. Alisema dripu hizi sita si za kuiondoa, ni za kuirudisha nyuma, na baada ya ya sita nitapigwa picha tuone imekwenda upande gani. Siku ya hiyo picha ndiyo ninayoingojea.

Daktari ni mwanamke wa rika la binti yangu, anaongea polepole. Leo aliniuliza ninajisikiaje. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, "Anaendelea vizuri." Yeye ni mtunza stoo katika kiwanda cha rangi, mwaka wa thelathini huu, na tangu niugue amenifungulia faili. Kila karatasi imetobolewa matundu mawili na kupangwa kwa tarehe. Mtu akiuliza habari zangu, Bwana Stoo hujibu, mimi natazama ukuta.

Mvua ya kwanza ilitukuta getini.

Jumanne, 4 Machi

Joto 37.1. Nimetapika mara tano. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Kama jana, toa moja.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi yangu ameingia na masanduku mawili na godoro lake. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, na kwa miaka mingi alikuwa matroni wa bweni la wasichana. Kazi ameiacha ila bweni amelibeba. Kufika saa nne, saa sita kitanda changu kilikuwa kimehamishiwa ukuta wa pili, mlangoni kuna beseni la wageni kunawia mikono, na dirisha linafunguliwa kwa ruhusa. Manyunyu yakianza tu, mimi sitoki.

Nilimuuliza kama naruhusiwa kwenda chooni. Akasema ndiyo, ila nivae soksi.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi bekari yangu. Ilibidi wakae kikao, mume wangu na dada yake, sebuleni, na mimi nipo chumbani nasikia ninavyojadiliwa. Hukumu: niende alasiri tu, saa nane hadi saa kumi na moja, na nisikaribie tanuri. Mikate ya alfajiri ataishughulikia Kimya. Huyo ni mfanyakazi wangu wa miaka kumi na moja, mtu mzima mwenye wajukuu. Jina tulimpa wenyewe, kwa kuwa anaweza kumaliza wiki nzima kwa maneno kumi na bado yakabaki mawili.

Ni chumba kimoja, meza ndefu ya mbao, tanuri ukutani, magunia ya unga juu ya vichanja panya wasiyafikie. Nilipofunga aproni niligundua inanizunguka mara mbili. Nikatia mikono kwenye unga, na kwa muda wa saa tatu sikuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Nilicheka hata. Kimya aliponiona nacheka akageuka kupanga bati.

Mimi sijawahi kupima chumvi. Aliyenifunza kazi alinifunza kuonja. Unamega donge, unaligusisha ncha ya ulimi, ulimi unakuambia. Siku hizi kinywa changu kina ladha ya ufunguo, lakini ulimi wa miaka ishirini na miwili haupotei njia hivi hivi. Nikaona unga umepooza, nikaongeza kidogo, nikaonja, nikaongeza tena.

Ulichelewa sana kuumuka. Baridi ya mvua hii.

Jumamosi, 15 Machi

Mikate yangu yote ya wiki imekwisha! Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, ambaye zamani alikuwa akinunua mmoja na kulalamika kwamba una hewa nyingi, leo amechukua sita. Nilimtania kama ana harusi. Akasema, "Mkono wako haujabadilika, mama," akaondoka haraka.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Sikuruhusiwa kutoka. Binti yangu anafundisha mbali, hupiga simu kila Jumapili. Leo kabla sijamwambia lolote akaniambia amefurahi kusikia ninaendelea vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Dripu ya tano. Chumba cha dripu kina viti kumi vya kuegemea, vyote vinatazama dirisha linalotazama ukuta. Kiti kilicho jirani na changu anakaa mwanamke mmoja dereva wa lori, pande la mtu, ana watoto wanne na kicheko kinachowaamsha wenzake. Yake nayo ni ya titi, na daktari wetu ni mmoja.

Nilikuwa nimebeba mikate miwili ya juzi. Dereva akala kipande, akala cha pili. Akasema ni chakula cha kwanza kuwa na ladha mdomoni mwake tangu mwaka uanze. Wakaomba na wengine, viti vyote kumi. Nesi peke yake ndiye aliyetafuna kidogo, akaweka chini na kusema ameshiba. Nilirudi nyumbani kichwa juu, hata kutapika nilitapika kwa raha.

Jumatano, 2 Aprili

Unga hauumuki. Tangu saa nane hadi saa kumi umelala tu kwenye karai. Nimemwita muuza hamira nikamwambia usoni kwamba ananiletea vumbi. Maskini akala kiapo kwamba ni hamira ileile anayompa kila mtu. Akamtazama Kimya, Kimya akatazama sakafu. Nimemfukuza na nimetafuta mwingine.

Jumapili, 6 Aprili

Chai ya asubuhi nilikata mkate wangu. Wifi akasukuma sahani. "Mimi mkate wako siuli, wifi. Unanichoma kifua." Hivyo tu, kavu, mbele ya kaka yake. Mume wangu akamkata jicho, akachukua vipande vitatu, akala vyote, akashushia bilauri mbili za maji.

Nililia chumbani. Mtu hana huruma hata ya kudanganya kidogo. Namshukuru Mungu kwamba katika ndugu wawili wale niliolewa na mwenye moyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Dripu ya sita, ya mwisho. Dereva kaniuliza nitafanya nini kama picha itaonyesha imesonga mbele. Nikamwambia sifikirii hayo. "Mimi nayafikiria nikiwa kwenye usukani," akasema. "Barabara ni ndefu na redio yangu mbovu."

Jumanne, 22 Aprili

Nimepigwa picha. Unalala, mashine inakumeza mpaka kiunoni, sauti inakuambia uzuie pumzi. Niliizuia zaidi ya nilivyoambiwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Joto 38.9. Wifi amekaa kitandani pangu mchana kutwa akinibadilishia vitambaa vya maji. Mvua haijakatika.

Jumatatu, 28 Aprili

Joto 38.2. Miadi ya majibu ilikuwa leo na mimi siwezi kusimama. Mume wangu amekwenda peke yake na faili lake kwapani. Alirudi saa tisa, akavua viatu taratibu, akaja akakaa pembeni yangu.

"Safi," akasema. "Tunaendelea."

Nikamuuliza imerudi nyuma? Akasema daktari ameridhika, kuna dawa nyingine ya kuimarisha, nitaanza nikipata nguvu. Nikamshika mkono nikalala. Nimelala kama mtoto. Naandika saa moja jioni.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata nafuu. Nimerudi alasiri. Hamira mpya nayo ni vumbi.

Nyumbani hapakaliki kwa wema. Nikisema supu imepoa, wanasema kweli imepoa. Nikisema la, ni moto, wanasema kweli ni moto. Jana nilimwambia mume wangu kwa makusudi kwamba shati lake la kijani ni la bluu. Akalitazama, akasema, "Sawa." Zamani tungebishana mpaka majirani waamue. Ninatembea nyumbani mwangu na kila ninapoegemea panabonyea. Ni wifi tu ndiye asiyebonyea.

Ijumaa, 9 Mei

Dereva amepiga simu. Picha yake imeonyesha imekua. Daktari alimkalisha chini, akamweleza njia tatu moja moja na kila njia inataka nini, akampa wiki mbili achague. Amechagua dripu nyingine, ya kila wiki.

"Na wewe umechagua ipi?" akaniuliza.

Nikamwambia yangu ni ya kuimarisha tu, tunaendelea.

"Lakini ulikaa naye akakueleza?"

Nikasema mume wangu alikaa naye. Dereva hakucheka. Alisema, "Dada, daktari ni yuleyule," kisha akaanza kuuliza habari za mvua za huku.

Jumamosi, 10 Mei

Faili hukaa kwenye droo ya kabati la vyombo. Droo haifungwi kwa ufunguo. Miezi yote hii lingeweza kufunguliwa na yeyote, ila mimi sikuwahi kuligusa. Nilijua habari zangu zina mwenyewe. Leo mume wangu yupo kazini nusu siku na wifi alikuwa uani anaanua nguo. Nimelifungua.

Karatasi ya juu ni barua ya daktari ya tarehe 28 Aprili. Naiandika jinsi ilivyo ili nisije nikajidanganya. Uvimbe kwenye ini umeongezeka ukubwa. Kuna uvimbe mpya kwenye pafu la kulia. Dawa iliyotumika haikufanikiwa. *Naomba mgonjwa afike mwenyewe, pamoja na mume wake, tujadiliane kuhusu hatua zinazofuata.* Pembeni, kwa mwandiko mzuri wa mume wangu: *Asiambiwe mpaka apate nguvu.* Chini yake kuna tarehe mbili za miadi, zote zimekatwa kwa rula.

Nilisoma mara tatu. Nilisimama nimeshika kabati.

Kisha nikafunua karatasi ya pili, nadhani kwa kutotaka kuitazama ya kwanza. Hiyo kaipiga mistari kama fomu ya stoo. MIKATE YA ALASIRI: ZAMU. Kuanzia 13 Machi. Jumatatu, mlinzi wa mtaa, sita. Jumanne, fundi viatu, wanne. Jumatano, kiwandani, kumi. Mpaka Jumamosi, mwalimu mstaafu, sita. Kila siku ina safu ya *imepokelewa* na sahihi ya aliyepokea. Chini kabisa: *Chumvi imezidi karibu mara tatu. Kimya asimwambie. Kuku wa mlinzi wasipewe tena, wawili wamekufa.*

Nilikwenda jikoni nikakata mkate wangu. Nikala kipande, nikala kingine, nautafuta huo ubaya. Sikuupata. Ladha ni ya ufunguo, kama kawaida. Mtaa mzima unajua kilichomo kinywani mwangu, isipokuwa mimi.

Nilicheka kwa ajili ya wale kuku. Halafu kicheko kikakataa kukoma na kikageuka kitu kingine, na wifi akanikuta nimekaa sakafuni na karatasi zote mbili mapajani. Akazitazama. Hakuninyanyua. Alifunga mlango wa uani, akakaa sakafuni na yeye, pamoja na magoti yake mabovu.

"Mimi nilisema uambiwe siku ileile," akasema. "La mkate, na hili. Wakaniambia nina roho ngumu."

Nikaishika tena ile orodha, nikaipitia yote. Jina lake halimo.

Mume wangu aliporudi saa nane alizikuta karatasi mezani, moja kando ya nyingine. Akazitazama kwa muda, na mkono wake ukaenda kuzinyoosha zilingane kingo. Nikamwambia aziache zilivyo.

"Nilitaka upate nguvu kwanza," akasema.

"Nguvu za kufanya nini?"

Akasema ameshamwambia daktari kwa simu kwamba nitaendelea na dripu nyingine, ya kila wiki. Daktari alikataa kuipanga mpaka anione mwenyewe, ndiyo maana mume wangu akawa anasogeza tarehe. Alisema alikuwa anatafuta namna ya kuniambia. Wiki mbili alikuwa anatafuta namna.

Namchukia leo. Naliandika kwa sababu kesho sitakuwa na nguvu ya kulisema. Amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu Machi, na alikuwa analia akinipaka, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba hata kumchukia vizuri siwezi.

Jumapili, 11 Mei

Binti amepiga simu. Alijua. Sikumgombeza, nilimwambia tu asiniambie tena kwamba ninaendelea vizuri.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikwenda bekari asubuhi, manyunyu juu yangu, na wifi hakunizuia. Kimya alikuwa ananing'iniza aproni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilijiandaa kumfukuza kazi.

"Hapa ulikuwa unacheka," akasema. "Shemeji alisema nyumbani hucheki."

Basi. Kisha akatoa kutoka chini ya meza mizani mpya. Akapima chumvi, akanionyesha mshale, akasubiri nikubali. Nilikanda. Unga uliumuka kwa saa moja na nusu; kumbe chumvi ndiyo iliyokuwa inaua hamira. Nimemtumia muuza hamira wa kwanza salamu za kuomba radhi.

Alhamisi, 15 Mei

Hatuongei, mume wangu na mimi. Mvua inaongea.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeingia kwa daktari peke yangu. Mume wangu alikaa kwenye benchi la nje, faili mapajani, lakini barua nilikuwa nayo mimi.

Daktari aliniomba radhi kwa kutosisitiza zaidi. Kisha akanieleza. Njia ya kwanza ni dripu ya kila wiki, wiki tatu mfululizo na moja ya kupumzika. Kwa wagonjwa kumi walio kama mimi, wawili, pengine watatu, uvimbe hupungua kwa muda. Inaleta ganzi ya vidole vya mikono na miguu, mara nyingine haiondoki. Njia ya pili ni vidonge, vyepesi zaidi, na matumaini yake ni madogo zaidi. Njia ya tatu ni kuiacha saratani bila dawa yake na kutibu maumivu, pumzi, usingizi, kila kitakachojitokeza, nyumbani kadiri inavyowezekana. Akasema hiyo nayo ni tiba, ina daktari wake na dawa zake, si kutelekezwa.

Nikauliza muda. Akasema miezi, si miaka, kwa njia yoyote. Dripu ikifanya kazi inaweza kuongeza miezi miwili au mitatu, na sehemu kubwa ya hiyo nitakuwa hapa kwenye kiti.

Nikamuuliza angekuwa yeye angefanya nini. Alisema yeye si mimi. Nikamwambia nimechoka na watu wanaonistahi. Akavua miwani.

"Nitakuambia ninachokiona," akasema. "Dripu zile sita zilikuchosha wewe kuliko zilivyoichosha saratani."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno la kutisha kiasi hicho, na nilitoka pale miguu inanishika vizuri kuliko nilivyoingia. Mume wangu akainuka kwenye benchi. Nikamweleza yote garini, njia tatu, namba zote, na yeye hakuandika popote.

Nina wiki tatu za kuamua.

Jumatano, 21 Mei

Nikikubali, nitafungwa kwenye kile kiti kinachotazama ukuta, na vidole vikifa ganzi hata donge sitalihisi. Nikikataa, nitafungwa humu ndani na huko kukataa kwangu, na kila nikikohoa watanitazama kama mtu aliyejitakia. Nimezunguka hapa katikati siku mbili. Hakuna mlango unaotokea nje. Yote inaingia chumba kingine.

Alhamisi, 22 Mei

Joto 36.9. Mvua. Sijaamua.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua. Sijaamua.

Jumapili, 25 Mei

Binti anataka nijaribu dripu. Alisema waziwazi, kwa sauti iliyokatika, na nilimshukuru kwa kusema. Dereva naye nimeongea naye. Ameanza, anaharisha, anatukana, anaendelea. Mtoto wake wa mwisho ana miaka sita, na kila mwezi atakaoongezewa ni mwezi wa yule mtoto. Nilimwambia ni sababu nzuri. Nimejaribu kuivaa iwe yangu na haikunitosha. Wa kwangu ana miaka thelathini na moja.

Jumatano, 28 Mei

Nimemuuliza wifi. Alikuwa anakunja mashuka, hakuacha kukunja. Akasema marehemu mume wake alikubali kila dawa aliyopewa, mpaka ya mwisho. Alifia kwenye foleni ya kipimo, amevaa gauni la hospitali lisilofungika nyuma.

"Sikwambii ukatae," akasema. "Wapo wanaopona. Nakwambia tu nilichokiona."

Huyu ndiye niliyeandika kwamba hana huruma. Nimerudi ukurasa ule nikausoma, nikaona haya. Sikuufuta.

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamka na jibu. Halikuja kwa ndoto wala kwa sala, lilikuwepo tu, nikiwa natafuta soksi. Sitaki dripu, na vidonge pia sitaki. Nataka alasiri zangu zilizobaki ziwe na vidole.

Niliitisha kikao mwenyewe, sebuleni, mimi kwenye kiti kikubwa. Nikasema. Wifi akaitika kwa kichwa, akaenda kuwasha jiko. Mume wangu akasema, "Sawa."

Ilikuwa sawa ileile ya shati la kijani.

Jumatatu, 9 Juni

Tumemwambia daktari. Amenipa dawa za maumivu, namba ya nesi atakayekuwa anakuja nyumbani, na amesema nikibadili mawazo mlango uko wazi. Nilipotoka nilipitia chumba cha dripu. Dereva alikuwa amelala mdomo wazi. Nilimwachia mkate pembeni. Nina hakika ataona umepooza.

Alhamisi, 12 Juni

Leo tumegombana.

Ilianza na kitu kidogo. Nilimwambia aanze kujifunza kupika angalau vitu vitatu, maana dada yake hatakaa daima. Alikuwa anafuta meza. Akafuta pale pale kwa muda mrefu. Kisha akalitupa lile tambara ukutani.

Miaka thelathini na tatu ya ndoa sijawahi kumwona akitupa kitu. Akasema hapiki. Akasema sina haki ya kumpangia maisha ya baada yangu kama napanga bati za mikate. Akasema mimi ni mbinafsi na mkaidi, daktari alisema wawili kati ya kumi, kwa nini nisiwe mmoja wa hao wawili, nimejaribu wapi, nimekata tamaa kama mtu asiye na mtu. Sauti yake ilikuwa juu, inatetemeka. Nami nikapaza yangu. Nikamwambia alikuwa na wiki mbili za kuniambia hayo akazitumia kukata tarehe kwa rula. Nikamwambia kama sawa yake si sawa, aliisema ya nini. Wifi alichungulia mlangoni, akatutazama, akarudi zake jikoni na kufunga mlango.

Nilisikia damu inatembea mwilini mwangu. Tangu niugue hakuna aliyenipigia kelele. Nilikuwa na hasira mpaka masikioni, na nilikuwa hai, na nilimwona mume wangu uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Kisha akaishiwa. Akakaa chini, mikono imelala juu ya meza, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Unaniacha na nani?"

Nilikuwa na jibu zuri mdomoni. Una binti, una dada, una Mungu, utazoea. Lote lilikuwa limekaa pale, tayari, na yeye alikuwa ananitazama akilingojea, na angelipokea na kulitia sahihi.

"Sijui," nikamwambia. "Sijui, mume wangu."

Akaitika. Nikavuta kiti nikakaa upande wake, na hakuna aliyesema neno la kumpoza mwenzake.